Si Mmoja, Si Wawili

Bibi Yemima hakuhesabu watu.
Akigawa ugali alinong'ona: si mmoja, si wawili, si watatu,
ili jicho lisitue juu ya vichwa.
Nami nikaishia kuwa mwalimu wa hisabati,
darasa la tano B, watoto tisini na mmoja,
madawati ishirini na matatu, hapa Tukuyu,
ambako mvua haibishi hodi.

Tulihamia Septemba, mwaka wetu ulipofunguka.
Gershomu akapuliza pembe ya kondoo uani,
mbwa wa mtaa mzima wakaitikia,
na Ambakisye akachungulia juu ya michongoma:
"Kuna msiba?"
Hapana. Ni mwaka mpya.
Akafikiri kidogo. "Basi heri yake.
Ila wenu umewahi."

Tukasimamisha kibanda cha mianzi,
paa la majani ya migomba lenye matundu ya kuonea nyota.
Nyota hatukuziona.
Tulikula supu
ambayo kila tukiinywa iliongezeka bakulini.

Gershomu anatengeneza majokofu kituo cha maziwa.
Meneja alimpa Jumamosi bila swali:
"Wasabato nawajua, watu safi."
Yeye hakumsahihisha.
Mimi nilisahihisha watu mwezi mzima,
sokoni, shuleni, kliniki,
kisha tumbo likawa kubwa, nikaacha.

Machi. Umeme umekatika.
Mkunga Sekela ameng'ata simu, tochi inawaka,
anasema "sukuma" kupitia kwenye meno.
Kilo mbili, gramu mia tisa.
Gramu zinahesabika, Bibi, gramu hazina jicho.

Jina lilitaka watu wazima kumi na gombo la Torati.
Gombo liko Arusha.
Tukampa jina dirishani, sisi kwa sisi,
ukungu umeshuka hadi kwenye kamba ya nguo:
Yemima, binti Gershomu.
Akapiga chafya. Tukaichukua kama amina.

Ana wiki tatu, Pasaka imefika,
nami nimepiga magoti na mshono wangu
nasaka makombo ya mandazi chini ya kabati.
Unga wote wa ngano tulimuuzia Mama Tusekile
kwa shilingi mia moja. Akadai tuandikiane risiti.
Tukala mchunga mbichi, mikate bapa iliyoungua pembeni,
na siku nane zilipokwisha akaturudishia unga
na mandazi juu yake, ya moto,
na ile mia moja hakuitaka.

Likizo siku themanini na nne: hizo nilizihesabu.
Nikarudi darasani baridi imeanza,
naandika robo tatu ubaoni
huku maziwa yananichuruzika hadi kiunoni,
watoto tisini na mmoja
wakitazama kwa heshima sakafu.

Halafu Ijumaa ile ya Agosti.
Mashine imezima, lita mia nne za maziwa ya watu,
na jua halimsubiri fundi.
Alishika bisibisi giza limeshaingia.
Hatujalizungumza hadi leo.
Niliwasha mishumaa miwili peke yangu,
mtoto mgongoni akiguguna kola yangu
kwa jino lililotoka asubuhi hiyohiyo.

Saa mbili mlango ukasukumwa: yeye, grisi hadi viwikoni,
na nyuma yake wenye maziwa, wameloa chapachapa,
wamemsindikiza, kisha mvua ikawafungia kwetu.
Wakakaa popote, kwenye mkeka, juu ya debe la viazi.
Nikafunua mkate. Hautoshi. Nikaumega hivyohivyo.
Na kichwa changu, kwa mazoea ya kazi, kikaanza:
si mmoja, si wawili,
si Ambakisye, si kijana wake anayesinzia,
si saba, si nane,
si tisa.
Si kumi.

Najua. Kwa sheria, si kumi.
Nilitaka nirudie toka mwanzo,
lakini Mama Tusekile akaingia na sufuria kichwani,
akauliza mbona tumekaa gizani na taa imesharudi,
na nikasahau nilipofikia.